Kusema na Jirani wa Lugha Nyingine

Mlio karibu na Biblia zenu, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 14, kuanzia mstari wa 8. Wekeni na alama katika Wafalme wa Pili, sura ya 18, maana tutafika huko pia. Leo twataka kueleza jambo ambalo sisi wakaaji wa nchi ya chai hukutana nalo kila siku: jinsi ya kusema na mtu wa kabila lingine hata akuelewe, tena usimdhulumu kwa maneno yako.

Hapa Boito, katika Konoin, wengi wetu ni Wakipsigis. Lakini tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanza kufunguliwa katika nchi ya Kericho miaka ya 1920, watu wa makabila mengine wamekuja kufanya kazi humo: Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Nenda sokoni, au kwenye kituo cha kununulia majani, utasikia lugha tatu au nne kabla jua halijapanda. Kiswahili ndicho daraja letu. Ila tusidanganyike. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili shuleni au kazini, na kila mmoja hukisema kwa mawazo ya lugha ya mama yake.

Mtu wa pwani akitaka maji husema, "Naomba maji." Sisi wa bara twasema, "Leta maji," wala hatuna ubaya wo wote moyoni; twafasiri tu maneno ya nyumbani. Yeye husikia amri. Ukimwita kwa sauti, "Wewe!", ataona umemdharau. Kwa upande mwingine, mgeni kutoka mjini akiingia katika boma la mzee hapa kwetu na kutaja shida yake mara moja, bila kuuliza habari za watu wa nyumbani, za ng'ombe na za mvua, mzee humwona kuwa mtu asiyelelewa. Tena mwanamume Mkipsigis aliyekwisha kutoka jandoni akiitwa "mtoto" na msimamizi, hata kwa utani, ametukanwa. Labda msimamizi alifikiri juu ya umri tu. Neno lilitoka kinywani mwake likiwa jepesi, likafika sikioni mwa mwenzake likiwa jiwe.

Basi tutazame Listra. Paulo alimponya kiwete, na makutano wakapaza sauti zao kwa Kilikaonia wakisema kwamba miungu imewashukia. Barnaba wakamwita Zeu, na Paulo wakamwita Herme. Kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili atoe dhabihu. Mitume walipotambua, walirarua mavazi yao na kukimbilia katikati ya watu. Mwandishi ametaja lugha ile kwa kusudi, nasi twaona sababu: yaelekea mitume hawakujua yaliyokuwa yakisemwa mpaka ng'ombe walipokwisha kuletwa. Muujiza ulikuwa wa kweli, nia ilikuwa safi, lakini watu wakaelewa kinyume kabisa.

Angalieni Paulo alivyojibu. Alipokuwa katika sinagogi alikuwa akianza na Ibrahimu, Daudi na manabii. Kwa watu wa Listra hakuwataja hata mmoja. Alisema juu ya mbingu na nchi, juu ya mvua inayonyesha na majira ya mavuno, juu ya chakula na furaha ya moyo. Alianza na yale ambayo mkulima wa Listra aliyajua shambani mwake. Hakugeuza Injili; aligeuza mlango wa kuingilia. Mhubiri anayekuja Boito angefanya vema kuuliza habari za chai kwanza.

Hata majina yanaweza kuwa mlango. Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa alfajiri, na Omondi vilevile. Kiplangat alizaliwa jioni, kama Odhiambo. Vijana hawa waweza kuchuma chai mstari mmoja miaka kumi, kila mmoja akidhani jina la mwenzake ni kelele tu. Kumbe mama zao waliwaza jambo moja.

Lakini ndugu zangu, kuijua lugha ya mtu si kumpenda. Hapo ndipo tufungue Wafalme wa Pili. Amiri wa mfalme wa Ashuru alisimama nje ya Yerusalemu, na wajumbe wa Hezekia wakamsihi aseme nao kwa Kishami, ili watu waliokaa ukutani wasisikie. Akakataa. Akapaza sauti kwa lugha ya Wayahudi wenyewe, akawaambia habari za njaa na kiu, na kwamba wasimwamini mfalme wao. Alikijua Kiyahudi vizuri, naye alikitumia ili kuwatia watu hofu. Mtu huyu angefaulu mtihani wo wote wa lugha.

Nasi tumeyaona hayo katika nchi yetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya, na wafanyakazi wengi wakayakimbia mashamba ya chai ya Kericho. Tume ya Jaji Philip Waki, katika taarifa yake ya mwaka 2008, ilitaja pia maneno ya chuki yaliyosikika katika baadhi ya redio za lugha za kienyeji. Sisi tunaosema redioni yatupasa kuyasoma hayo kwa hofu.

Fikirini neno "madoadoa". Chui ana madoadoa, na hakuna aliyetukanwa. Lakini lilipotumiwa katika Bonde la Ufa kuwataja watu wa makabila mengine, wenyeji walijua maana yake, kwa kuwa doa huondolewa. "Kwekwe" nalo ni neno la shamba, na sisi wakulima twajua kwekwe hufanywa nini. Mnamo Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyatia maneno haya mawili katika orodha ya maneno ya chuki. Wengine walicheka, wakauliza itakuwaje Kiswahili sanifu kukatazwa. Sisi hatukucheka. Neno halihukumiwi kwa kamusi peke yake; huhukumiwa pia kwa yule linayemwelekea na kwa lile wasikilizaji wanaloelewa watende.

Je, ni vibaya kusema lugha ya mama? La, hasha. Ni zawadi ya Mungu, na siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake. Swali letu ni hili: yale uyasemayo kwa Kikipsigis katika mkutano wa ukoo, au kwa Kijaluo ndani ya nyumba za shamba, waweza kuyarudia kwa Kiswahili jirani akiwa ameketi mbele yako? Kama huwezi, si lugha iliyokosa maneno.

Hata wakalimani wetu wajipime hapa. Tumewaona wengine ambao mhubiri akisema kwa dakika tatu, wao husema kwa nusu dakika. Na mhubiri akisema maneno mawili, wao huongeza hubiri lao wenyewe! Mkalimani amekabidhiwa mali ya mtu mwingine.

Jumapili ijayo, matangazo yatakaposomwa kwa Kikipsigis, geuka utazame benchi la nyuma. Ukimwona mchumaji aliyefika juzi kutoka Nyanza, nenda ukae karibu naye. Mwambie "Chamgei", umfundishe kuitikia, naye akufundishe "erokamano". Kisha umfasirie matangazo yote mpaka mwisho, hata lile la harambee.