MWEZI UANDAME, UMOJA USIVUNJIKE

Ifikapo jioni ya siku ya 29 ya Shaabani, Waislamu wa Chiwanda hukabili magharibi, wakatazama juu ya maji ya Ziwa Nyasa na vilima vya Malawi vilivyo ng'ambo. Wanatii amri yenye umri wa zaidi ya miaka 1,400: mwezi uonwe ndipo watu wafunge, uonwe tena ndipo wafungue, na mawingu yakiuficha, hesabu itimizwe siku 30.

Amri hiyo si ya kudharauliwa. Haikumngoja mfalme wala mtaalamu. Mvuvi wa usipa, ambaye hutegemea usiku wa giza ili taa zake zivute samaki, aujua mwezi kuliko karani. Na akiwa mwadilifu, ushahidi wake hukubaliwa. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, shahidi mmoja hutosha kuingiza Ramadhani, na wawili hutakiwa kuimaliza.

Lakini siku hizi wingu la masika lingali limetanda ziwani, simu zaleta habari kwamba mwezi umeonekana Uarabuni. Hapo ndipo nyumba moja huwa na sikukuu mbili: kaka amefunga, mdogo wake ala pilau. Kula si tatizo, wala kufunga si tatizo. Tatizo ni kuitana wapotovu.

Tuchukue mfano. Machi 29, 2025 jua lilipatwa kwa sehemu katika nchi za kaskazini, maana yake mwezi ulikuwa umepita mbele ya jua mchana ule ule. Wataalamu wa falaki walikwisha kueleza kwamba jioni hiyo hilali isingeweza kuonekana Uarabuni. Hata hivyo Saudi Arabia ilitangaza kuwa umeonekana, ikasali Idd Machi 30. Kwetu BAKWATA ilitangaza Idd Machi 31.

Wako wasemao kwamba kutumia hesabu ni kuiacha amri. Twawauliza: nani leo hutoka nje kupima kivuli ili ajue kuwa alasiri imeingia? Sote twatazama saa na jedwali lililopigwa chapa, wala hatuoni kwamba swala imeharibika. Na jirani zetu Wakristo, walio wengi katika mwambao huu, Pasaka yao pia hufuata mwezi. Wao waliiwekea hesabu tangu karne nyingi.

Kwa maoni yetu, hesabu isiling'oe jicho, bali ililinde. Hesabu ikithibitisha kwamba mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi usipokelewe. Ikionyesha kuwa waweza kuonekana, mvuvi wetu na atazame. Na kabla ya Ramadhani kuingia, wazee na maimamu wakae pamoja, wakubaliane watafuata tangazo la nani.

Si kazi ya Chama wala ya Serikali kuamua mwezi umeandama lini. Serikali yetu haina dini. Lakini umoja wa wanakijiji ni jukumu letu sote. Amri ile ya kale iliwekwa ili watu wafunge pamoja na wafungue pamoja. Mwenye kushika herufi zake huku akimtenga nduguye, ameushika mwezi na kuiacha Ramadhani.