Mpira wa Rejeta Ukipasuka: Tahadhari kwa Wenye Magari Kisiwani

Gari likichemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni au juu ya daraja la Nyali, anayetaabika si dereva peke yake. Walio nyuma yake wote husimama. Mara nyingi chanzo ni mpira wa rejeta, wa juu au wa chini, unaopitisha maji kati ya injini na rejeta.

Mpira huo hutoa dalili mapema. Huvimba karibu na klipu, hulainika kupita kiasi, au hukauka na kufanya nyufa. Kuubonyeza asubuhi, injini ikiwa baridi, hutosha kuujua. Foleni za kisiwani huuchosha zaidi, kwani gari linalojikokota juani halipati upepo na feni hubaki na kazi yote. Kuufunga kwa raba ya tyubu humfikisha dereva gereji tu, si zaidi.

Kuubadilisha hakumshindi fundi wa kawaida. Hatari iko kwenye kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa huruka na kumbabua mtu uso na mikono. Injini iachwe ipoe kabisa, hata kama makanga wanapiga kelele. Kisha maji hukingwa kwenye beseni, klipu hulegezwa, mpira wa zamani hutolewa, na ncha za bomba husuguliwa kutu kabla ya kuvalishwa mpira mpya wa kipimo kilekile. Klipu zilizoliwa na kutu zisirudishwe.

Kosa jingine, hasa Mji wa Kale, ni maji yenyewe. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na mwenye haraka huchota ndoo akajaza. Chumvi hula alumini na kuziba mirija ya rejeta. Hapo mpira mpya hauiokoi injini. Inayofaa ni kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Ikikosekana, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima. Hewa itolewe kabla ya kifuniko kufungwa, na kesho yake asubuhi kiwango kikaguliwe tena.

Kulanti iliyotolewa isimwagwe kichochoroni. Ni sumu yenye utamu: paka huilamba, na mtoto anaweza kuionja. Itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, usiwekwe karibu na maji ya kunywa.