Meko Ndani ya Gari, King'ora Wapi?

Ukiingia Luthuli Avenue jijini Nairobi kutafuta kigunduzi cha gesi, huenda ukapewa kisanduku cheupe na kuhakikishiwa kwamba kinanusa kila kitu. Kigeuze usome mgongoni. Kikiandikwa LPG, hicho ni cha gesi ya mtungi. Kikiandikwa CO, ni cha kaboni monoksidi, sumu inayotoka kwenye moto wenyewe. Kwa mwenye HiAce aliyeng'oa viti akaweka kitanda na meko ya kilo 6 ili akalale Naivasha au Magadi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua king'ora kifungwe wapi.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili. Ikivuja hairuki juu. Hutambaa sakafuni, ikajaa uvunguni mwa kitanda na kungoja cheche. Asilimia 2 hivi ya gesi hewani inatosha kushika moto. Nimepiga hesabu ya gari lenye nafasi ya mita 8 za ujazo: gramu 300 hivi, yaani sehemu ndogo tu ya mtungi, zinatosha kulifanya gari zima lilipuke. Ikiwa imetulia chini bila kuchanganyika, kiasi kidogo zaidi kinatosha kuwaka. Kwa hiyo kigunduzi cha LPG hukaa chini, sentimita 10 hadi 30 kutoka sakafuni, karibu na meko lakini si nyuma ya mabegi wala pale maji ya kudekia yanaporuka. Ukikifunga darini kama king'ora cha moshi, kitalia ukiwa umechelewa.

Ndani ya kigunduzi cha LPG mna punje za oksidi ya bati zinazopashwa joto, mbinu ambayo Mjapani Naoyoshi Taguchi aliibuni mwaka wa 1962. Oksijeni ya hewani hung'ang'ania punje hizo na kuzuia umeme. Gesi ikifika, huiondoa oksijeni hiyo na umeme ukapita kwa urahisi. Kipasha joto hakizimwi, ndiyo maana aina nyingi za kigunduzi hiki huhitaji waya kutoka kwenye betri ya gari. Marashi ya kupuliza hukifanya kilie ovyo, na dawa ya kung'arisha dashibodi yenye silikoni inaweza kukiua kimyakimya.

Kaboni monoksidi ni habari nyingine. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribia kabisa ule wa hewa, kwa hiyo huenea gari zima. Hushikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila Julai, baridi inapozidi Nairobi na Limuru, tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Gari lililofungwa madirisha ni chumba kidogo zaidi. Isitoshe, Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na meko yaliyorekebishwa kwa hewa ya Mombasa huweza kuunguza gesi nusunusu huku na kutoa sumu zaidi.

Kigunduzi cha CO basi hukaa usawa wa mto wa kulalia, mita moja au zaidi kutoka kwenye meko, mbali na dirisha. Anayelala kwenye hema la juu ya paa awe nacho humo humo hemani. Tafuta chenye alama EN 50291-2, kiwango cha Ulaya kilichoandikwa kwa ajili ya magari ya kulala na mashua. Kwa sehemu 50 za CO katika milioni moja ya hewa, kinatakiwa kulia kati ya dakika 60 na 90. Kwa sehemu 300, ndani ya dakika 3.

Mfuko ukiruhusu kimoja tu, mimi ningenunua cha CO. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi, na hatari yake ya usiku hupungua sana ukifunga vali kabla ya kulala na kuuweka mtungi kwenye kabati lenye tundu la kutolea gesi nje, chini kabisa. Kaboni monoksidi, pua haiijui.

Lipo jambo moja linalowababaisha wengi wanaopiga kambi Karen au Lang'ata na kuchomeka gari kwenye umeme. Usiku wa manane king'ora cha CO kinalia, na hakuna aliyewasha chochote. Toka nje kwanza, fungua milango. Kisha angalia betri ya asidi iliyo chini ya kitanda: ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na kitambuzi cha CO huweza kuidhania kuwa kaboni monoksidi. Zima chaja na usiwashe kibiriti, maana haidrojeni nayo hulipuka.