Vumbi la Rebero na Rangi ya Gari

Hapa Rebero, kusini ya mji wa Kigali, upepo hautusahau, wala vumbi halitusahau. Barabara kubwa zina lami, lakini vijia vingi vya kwendea nyumbani ni vya udongo mwekundu. Kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati wa kiangazi, gari lililooshwa asubuhi huwa na rangi ya matofali jioni. Hapo mwenye gari humwita kijana wa nyumbani, humpa kitambaa na kumwambia, "Nifutie gari upesi, nataka kutoka." Neno hilo "nifutie" ndilo mwanzo wa hasara. Nataka kueleza sababu yake, na jinsi mtu awezavyo kusafisha na kung'arisha rangi ya gari nyumbani bila kuiharibu.

Kwanza tujue rangi yenyewe ni kitu gani. Watu wengi hudhani kuwa ni tabaka moja tu lililopakwa juu ya chuma. Sivyo. Juu ya chuma kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha tabaka la msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980, kuna vanishi isiyo na rangi, iliyo safi kama kioo. Matabaka haya yote pamoja yana unene wa milimeta 0.1 hivi, yaani kama karatasi ya daftari. Vanishi peke yake ni kama milimeta 0.04 au 0.05, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mng'aro wote wa gari hutoka katika utando huo mwembamba. Ukiwa sawasawa, mwanga hurudi pamoja, kama uso wa ziwa lililotulia. Ukiwa na mikwaruzo, mwanga hutawanyika huku na huku, kama ziwa lililopigwa na upepo, na gari huonekana limechakaa.

Sasa tutazame vumbi. Ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatzi, yaani mchanga ule ule unaotengenezewa kioo. Katika jiografia twajifunza kipimo cha Mohs, kipangacho ugumu wa madini kutoka 1, laini kuliko yote, mpaka 10, ambayo ni almasi. Kwatzi ni 7. Hushinda wembe wa kisu cha kawaida, sembuse vanishi! Basi mtu achukuaye kitambaa kikavu na kulifuta gari lenye vumbi hafuti, bali anapiga msasa. Kitambaa huzikamata chembe zile na kuziburuta juu ya vanishi. Baada ya miezi michache rangi hujaa alama nyembamba za mviringo, kama utando wa buibui. Kwenye kivuli huzioni. Simama juani saa sita mchana, utaziona zote.

Jirani yetu mmoja alipata kulijua jambo hili kwa fedha zake. Alikuwa na gari jeusi, na injini yake aliitunza vizuri sana. Kila asubuhi mpwa wake alilifuta kwa shati kuukuu, kikavu, kwa bidii na kwa moyo mwema. Siku ya kuliuza, mnunuzi alifika mchana wa jua kali. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akatazama boneti kwa upande, kisha akapunguza bei. Fedha zilizopunguzwa zilikuwa zimekwisha kupangiwa ada ya shule ya muhula mmoja. Injini haikusemwa hata kidogo.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: maji kwanza, mkono baadaye. Yafuatayo ni mambo ya kushika wakati wa kuosha.

La kwanza, liweke gari kivulini, na ungoje mpaka boneti iwe baridi. Sisi tu karibu na ikweta, na mji wetu uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali. Sabuni ikikaukia juu ya rangi yenye moto huacha madoa.

La pili, mwagia maji kuanzia juu kwenda chini, bila kugusa, ili vumbi lilainike na kuteremka lenyewe. Asiye na mpira wa maji atumie chombo cha kumwagilia bustani. Jerikeni mbili au tatu za lita 20 zatosha gari dogo, ambapo mpira ulioachwa wazi kwa dakika 10 unaweza kumwaga lita 100 na zaidi.

La tatu, uwe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji matupu. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza kitambaa katika maji matupu kabla ya kukirudisha katika sabuni. Mchanga utabaki katika ndoo ya kusuuzia. Tumia sabuni ya magari. Sabuni ya vyombo huondoa nta inayoilinda rangi, na sabuni ya unga ya kufulia ni kali zaidi. Steelwool isikaribie kabisa.

La nne, anzia paa na kuishia chini, kwa kupeleka mkono moja kwa moja, si kwa kuzungusha. Magurudumu yaoshwe mwisho, kwa kitambaa chake peke yake. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando, maana kimekwisha kuokota mchanga.

La tano, suuza na kukausha kwa kitambaa laini kilicho safi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la bati yafaa sana kwa kusuuza, kwa kuwa hayana chokaa na hayaachi madoa meupe.

Mavi ya ndege yasingoje siku ya kuosha. Yana asidi, nayo juani huila vanishi mpaka alama isitoke tena. Usiyakwangue. Weka juu yake kitambaa kilichoroa maji, ngoja dakika 10, kisha yainue polepole. Fanya vivyo hivyo kwa utomvu wa miti.

Tukija kwenye kung'arisha, hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Sisi wanafunzi tumezoea rangi ya viatu: twapaka, twasugua, kiatu chang'aa, na kiatu kimeongezewa kitu. Dawa ya kung'arishia rangi ya gari haiongezi kitu, bali hupunguza. Ina chembe ndogo sana zinazokwangua vanishi mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kumbuka unene tulioutaja. Kila unapong'arisha, umekula sehemu ya akiba isiyorudi. Vanishi ikiisha, jua hupausha rangi, na ganda huanza kubanduka. Hapo dawa yake ni fundi wa kupaka rangi upya, na gharama yake si ndogo.

Kwa hiyo ng'arisha mara chache, pengine mara moja kwa mwaka, na pale tu panapohitajika. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini. Usiufuate, utamaliza vanishi kabla ya kuufikia mwisho wake. Usipokwama, chukua dawa laini kuliko zote, uijaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana sana. Kwenye kingo na mikunjo ya bati usisugue kwa nguvu, maana hapo rangi ni nyembamba. Mashine ya kung'arishia katika mkono usioizoea yaweza kufika chini ya rangi kwa muda mfupi. Wako pia watu wanaopaka mafuta ya taa ili gari ling'ae. Hung'aa kweli, kwa muda mfupi, kisha vumbi la njia nzima hukamatwa na mafuta hayo.

Kitu kinachoongeza ni nta. Nta moja isifiwayo sana ni ya karnauba, itokayo katika majani ya aina ya mnazi wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Mti ule hujifunika nta ili jua la kiangazi lisikaushe maji yake. Nasi twaiazima kinga hiyo kwa magari yetu. Paka nta juu ya gari safi na kavu, kidogo sana, ungoje iwe kama ukungu, kisha uifute kwa kitambaa laini. Ili kujua kama bado ipo, mwagia maji: yakijikusanya kama shanga, nta ipo, yakitandaa, imekwisha. Huku kwetu yafaa kupaka mwishoni mwa Mei, kabla ya vumbi, na tena mwanzoni mwa Septemba, kabla ya mvua.

Neno moja juu ya maji machafu. Maji yanayoteremka kutoka kilima chetu huingia mabondeni, kisha mto Nyabarongo, kisha Akagera, mpaka Ziwa Victoria na mto Nile. Basi osha gari juu ya majani au kokoto, udongo uchuje kwanza, wala si kando ya mfereji.

Magari mengi tuyaonayo hapa yalikwisha kutumika katika nchi za mbali kabla ya kutufikia. Vanishi yake imekwisha kupungua, nasi tumepewa masalio tu. Wenzangu mnaoosha magari wakati wa likizo ili kupata fedha za madaftari, mkiambiwa mfute gari kavu, ombeni maji kwa adabu na kueleza sababu. Nanyi kaka zetu mliotutangulia katika shule hii, ambao sasa mna magari yenu, msimpe kijana kitambaa na dakika tano. Mpeni ndoo mbili, kivuli na saa nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kopo moja la nta ni rahisi kuliko boneti iliyopakwa rangi upya.