Upasuaji wa mkono wenye ganzi: jua nani atalipa kabla ya kupanga tarehe

Kama unafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kwenye ghala, kwenye dobi la hoteli au kwenye usafi wa vyumba, huenda unaijua ganzi hii. Unaamka usiku, na kidole gumba, cha shahada na cha kati vinachoma kama vimejaa sindano. Unakung'uta mkono mpaka utulie. Asubuhi kikombe kinakuponyoka.

Wengi husema ni damu haitembei. Sivyo. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia hiyo ikivimba, mshipa unabanwa. Madaktari wa hapa Marekani huuita ugonjwa huo carpal tunnel. Lishike jina hilo, maana utaliona kwenye kila karatasi.

Si kila mgonjwa anahitaji kisu. Mara nyingi daktari huanza na bandeji ngumu ya kushika kifundo wakati wa kulala, kisha pengine sindano ya kupunguza uvimbe. Hali isipobadilika, au nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kunywea, atashauri upasuaji. Usisubiri mpaka huko ukisema utavumilia, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usipone kabisa. Upasuaji wenyewe ni mfupi, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kambini ukiugua ulipanga foleni kwenye kituo cha afya, ukapewa dawa, na mambo yakaishia hapo. Hapa bili huja kwa posta wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo kabla hujakubali tarehe, pata majibu ya maswali matatu: nani analipa, bili ni ngapi, na kodi ya nyumba italipwaje mkono ukiwa umefungwa.

Je, ni kazi iliyouumiza mkono?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu jibu lake hubadilisha yote yanayofuata. Karibu majimbo yote yanamlazimisha mwajiri kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Kwa Kiingereza inaitwa workers' compensation. Texas ni tofauti: huko mwajiri wa kampuni binafsi anaweza kuamua kutokuwa nayo, hivyo uliza. Bima hii haihusu ajali ya ghafla tu. Mkono ulioharibika polepole kwa kukata nyama au kukunja mashuka maelfu ya mara unaweza kuingia humo pia. Dai likikubaliwa, bima ya mwajiri inalipa daktari na upasuaji, na inakupa sehemu ya mshahara unapokuwa nyumbani. Katika majimbo mengi sehemu hiyo ni thuluthi mbili, ingawa siku chache za mwanzo huenda zisilipwe.

Ili upate haki hiyo, fanya mambo mawili mapema. Kwanza, mwarifu msimamizi wako kwa maandishi: tarehe, kazi unayofanya, na mkono unaouma. Piga picha ya karatasi hiyo na uitunze. Kila jimbo lina muda wake wa kutoa taarifa, na katika majimbo kadhaa ni siku 30 tu. Pili, mweleze daktari kazi yako kwa ukamilifu: unashika kisu au mashine gani, kwa saa ngapi, siku ngapi kwa wiki. Ukisema kwa aibu, "Ni uzee tu, daktari," ndivyo atakavyoandika, na bima itayasoma maneno hayo dhidi yako.

Najua kinachowanyamazisha wengi. Wanaogopa kufukuzwa kazi, na wanaogopa karatasi zao za uhamiaji. Fidia hii si msaada wa serikali; ni bima ya mwajiri wako, na kuidai kwa haki hakuharibu ombi lako la green card. Majimbo mengi yanakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amedai. Dai likikataliwa, unaweza kukata rufaa. Mawakili wengi wa kesi hizi hulipwa asilimia ya kile unachopata, hivyo huhitaji fedha ya kuanzia.

Angalia pia upande wa pili. Ukificha kwamba ni kazi na kutumia bima yako ya afya, bima hiyo ikigundua inaweza kukataa kulipa. Hapo bili yote inarudi kwako.

Bili haiji moja

Kama ugonjwa wako hautokani na kazi, elewa kwamba upasuaji mmoja huzaa bili kadhaa. Kuna ya daktari aliyekuona mara ya kwanza, ya kipimo cha umeme kinachopima mshipa wa fahamu, ya daktari mpasuaji, ya mtaalamu wa dawa ya usingizi, ya jengo ulimopasuliwa, na pengine ya mazoezi ya mkono baadaye. Ukiuliza "bei gani?" na ukatajiwa ya mpasuaji peke yake, bado hujajibiwa. Uliza: "Hii ni bei ya vyote? Nani mwingine ataniletea bili?"

Mahali pia hubadilisha bei. Upasuaji huu unaweza kufanyika kwenye hospitali kubwa, kwenye kituo kidogo cha upasuaji wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, au wakati mwingine kwenye ofisi ya daktari kwa sindano ya ganzi tu. Kwa kawaida hospitali ndiyo ghali zaidi. Mwulize daktari kama anaweza kukufanyia kwenye kituo kidogo, na uhakikishe kwamba daktari, mtaalamu wa usingizi na kituo vyote vimo kwenye orodha ya bima yako.

Ukiwa na bima ya kazini

Tafuta maneno matatu kwenye karatasi za bima yako. "Deductible" ni kiasi unacholipa wewe kwanza kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. "Coinsurance" ni asilimia unayolipa baada ya hapo. "Out-of-pocket maximum" ni kikomo cha mwaka: ukikifikia, matibabu yanayokubaliwa na bima, kwa madaktari walio kwenye orodha yake, hulipwa yote na bima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei iliyokubaliwa na bima ni dola 5,000, deductible yako ni 1,500, na coinsurance ni asilimia 20. Unalipa 1,500 kwanza. Zimebaki 3,500, na asilimia 20 yake ni 700. Jumla yako ni dola 2,200, bila kuhesabu makato ya kila wiki kwenye mshahara.

Angalia kalenda pia. Deductible huanza upya kila mwaka wa bima, na kwa bima nyingi ni Januari. Ukipimwa Novemba na kupasuliwa Januari, unaweza kuilipa mara mbili. Kama daktari anasema inawezekana, weka kipimo na upasuaji ndani ya mwaka mmoja.

Ukiwa na Medicaid au usipokuwa na bima

Mwenye Medicaid kwa kawaida halipi chochote au hulipa kidogo sana, lakini lazima daktari awe anaipokea, na mara nyingi kibali kitolewe kabla ya upasuaji. Hakikisha kadi yako bado ni hai wiki hiyo. Barua za kuihuisha huenda kwenye anwani ya zamani ukihama bila kuwaarifu.

Asiye na bima ana haki ya makadirio ya bei kwa maandishi kabla ya upasuaji uliopangwa. Sheria hiyo ya nchi nzima ilianza Januari 2022. Kwenye dirisha la mapokezi sema: "Good Faith Estimate, please." Itunze karatasi hiyo. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 tangu tarehe ya bili kuipinga.

Vilevile hospitali zisizo za faida zinalazimishwa na sheria kuwa na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wagonjwa wenye kipato kidogo. Omba fomu ya "financial assistance" hata kama hakuna aliyeitaja. Unaweza kuiomba hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza. Andaa karatasi za mshahara, za kodi ya mapato na za watu wa nyumbani kwako. Usiahidi kulipa kwa kadi ya mkopo kabla ya kupata jibu la fomu hiyo.

Wiki za kupona

Gharama ambayo watu husahau ni mshahara. Anayefanya kazi ya mezani anaweza kurudi mapema. Anayeshika kisu au kubeba maboksi huenda akahitaji wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya sita. Kwa dola 18 kwa saa na saa 40 kwa wiki, wiki nne ni dola 2,880 kabla ya makato. Hiyo ni zaidi ya bili ya mfano wetu wa juu.

Kwa hiyo uliza kazini kama una likizo ya ugonjwa au bima ya ulemavu wa muda mfupi. New York, New Jersey, California, Hawaii na Rhode Island zina mpango wa jimbo. Sheria ya likizo ya nchi nzima, FMLA, hulinda kazi yako hadi wiki 12 bila mshahara, lakini ni kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, na kwa aliyefanya kazi hapo miezi 12 na saa 1,250. Kama una miezi kumi na daktari anasema unaweza kusubiri salama, miezi miwili ya bandeji ya usiku inaweza kuilinda kazi yako. Mwombe pia daktari aandike barua ya kazi nyepesi.

Kwenye miadi yote omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bure. Usimtume mtoto atafsiri habari za kisu na madeni.

Na ukipata bahasha ya hospitali, ifungue. Usipoielewa, ilete ofisini kwetu pamoja na kadi ya bima na karatasi mbili za mwisho za mshahara, tuisome pamoja kabla hujalipa.