Kuyumba kwa bei nako kuna bei yake

Anayenunua hisa hukisia kama bei itapanda au itashuka. Mjini Chicago, hata hivyo, ipo mikataba isiyojali bei inaelekea wapi. Inayouzwa humo ni kuyumba kwenyewe.

Kipimo chake ni faharisi ya VIX, iliyoanzishwa na soko la CBOE mwaka 1993. Huonyesha kiasi ambacho hisa kubwa za Marekani zinatarajiwa kuyumba katika siku 30 zijazo. Mikataba ya baadaye ya VIX ilianza kuuzwa mwaka 2004.

Ugumu upo kwenye kupanga bei. Kwa kahawa ya miezi miwili ijayo, mfanyabiashara huchukua bei ya leo, akaongeza gharama za ghala na riba. VIX haiwekwi ghalani. Hapo ndipo wataalamu hutumia hesabu za mwendo wa bahati nasibu, kama ule aliouchapisha Steven Heston mwaka 1993: kuyumba hupanda na kushuka bila kutabirika, lakini daima huvutwa kurudi kwenye wastani wake, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Tuseme wastani ni 20, leo VIX ni 40, na pengo hupungua nusu kila mwezi. Baada ya miezi miwili kinachotarajiwa ni 25. Mtu akilipa 40 kwa mkataba wa muda huo, amepunjwa.

Juu ya 25 hiyo muuzaji hudai nyongeza, maana yeye ndiye anayebeba hatari. Soko likitulia, nyongeza hiyo humwingia mfukoni kidogo kidogo kila siku, na ndiyo iliyowavuta wengi kununua noti ya XIV iliyotolewa na benki ya Credit Suisse. Noti hiyo ilipata faida mikataba ya VIX iliposhuka bei.

Tarehe 5 Februari 2018 VIX ilitoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja. Mwendo wa Heston hauruki namna hiyo. Ubaya zaidi, noti za aina hiyo zilipaswa kusawazishwa kila jioni kwa kununua mikataba ile ile iliyokuwa ikipanda, na ununuzi huo ukaipandisha zaidi. XIV ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, ikafutwa mwezi huo huo. Waraka wake ulikuwa umeeleza waziwazi kwamba thamani inayotarajiwa kwa muda mrefu ni sifuri.