Baba Anapokuwa Mlevi Nyumbani

Kijana mmoja wa mwambao alituuliza swali lililotunyamazisha kitambo. Alisema: "Kila magharibi baba hunipa fedha akanituma sigara na tembo. Nikikataa, nimemwasi mzazi. Nikienda, nimemwasi Mola. Nifanyeje?"

Ndugu wasomaji, swali hili si la kijana mmoja. Ziko nyumba nyingi za Waislamu zenye siri hii, nazo huificha kwa kuona haya. Huko kuificha ndiko kunakowaacha watoto peke yao.

Kwanza, twasema asende. Sura ya Luqman, aya ya 15, yatufundisha kuwa mzazi akimshurutisha mwanawe kumshirikisha Mungu asitiiwe, walakini mwana akae naye kwa wema duniani. Ikiwa ndivyo katika shirki, iliyo kubwa kuliko dhambi zote, seuze katika ulevi? Tena Hadithi za Mtume (s.a.w.) zamhesabu mchukuzi wa pombe pamoja na mnywaji wake. Basi mwana akatae kutumwa tembo, wala asikatae kumtekea baba maji, kumwandalia chakula na kumtandikia kitanda.

Pili, yafaa kuangalia namna ya kusema. Nabii Ibrahim, katika Sura ya Maryam, alipomnasihi mzazi wake alimwita kwa jina la baba mara nne. Na alipotishiwa kupigwa mawe, alijibu kwa salamu. Usimnasihi mtu aliyelewa, maana hapana litakalofika ila ugomvi. Ngoja asubuhi, akili zimemrudia, mkiwa wawili tu. Umweleze uliyoyaona: ada ya chuo iliyonywewa, na mama aliyekesha akilia.

Tatu, moshi wa sigara haumdhuru mvutaji peke yake. Madaktari wamethibitisha kuwa watoto wakaao katika moshi huo huzidi kupatwa na pumu, homa ya mapafu na maradhi ya masikio. Kufungua dirisha hakutoshi. Baba asiyeweza kuacha leo aombwe avutie nje, mbali na mlango; hilo aliweza leo.

Nne, baba akianza kupiga, wema haumlazimu mtu kukaa akingoja kipigo. Wachukueni wadogo mwende kwa babu, kwa ami au kwa jirani mwaminifu. Wala kumweleza mtu huyo mambo yalivyo si kusengenya, kwani wanavyuoni wameruhusu kutaja ubaya wa mtu kwa ajili ya kutaka msaada.

Tano, mzee akikubali kuacha pombe, mshukuruni Mungu, lakini msimfungie chumbani. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla, aweza kutetemeka, kuweweseka na kuanguka kifafa katika siku za mwanzo, na wengine hufa. Apelekwe hospitali, aache chini ya uangalizi wa daktari. Toba na dawa havipingani.

Enyi vijana, ulevi wa baba haukutokana nanyi, wala hamtaulizwa kwa dhambi yake. Mtaulizwa jinsi mlivyokaa naye.

Kijana yule tulimshauri amrudishie baba fedha kwa mikono miwili, aseme: "Baba, nitume lolote jingine." Alikwenda akiwa na hofu. Nasi twamwombea yeye na kila aliye katika nyumba kama ile: Mwenyezi Mungu awaongoe wazee wetu, na awape wana subira isiyo na chuki. Amin.